Intaneti ya Bure Kilosa na Mikumi: Mlipaji Ajulikane

Neno "bure" ni tamu masikioni mwa kila mtu, na ndiyo maana halina budi kupimwa kwa uangalifu. Hakuna huduma iliyopata kutolewa bure katika nchi hii pasipo kuwapo mtu wa kuilipia. Mtumiaji asipolipa, hulipa mlipa kodi. Au hulipa msafiri kwa tozo iliyomo ndani ya bei ya mafuta. Au hulipa mfadhili wa ng'ambo, mpaka siku atakapofunga mkoba wake. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya huduma yo yote ya bure ni hili: nani anailipia, kwa fedha gani, na kwa muda gani?

Swali hilo sasa limefika katika intaneti. Serikali, kwa kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, imekwisha kuweka waifai ya bure katika baadhi ya maeneo ya umma nchini, na wananchi wa miji midogo wana haki ya kuuliza zamu yao itafika lini. Wakati huo huo wauzaji wa huduma hiyo, tangu kampuni kubwa za simu hadi kijana mwenye duka la steshenari karibu na stendi, nao wana haki ya kuuliza watamwuzia nani kitu ambacho jirani anakigawa bila malipo. Wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wake wa Mikumi ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ni mahali panapofaa kuyapimia maswali hayo mawili.

Kilosa ni mji uliolelewa na reli. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilipita hapo, na leo treni ya umeme iliyoanza safari za kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata, inapita katika wilaya hiyo hiyo. Karibu na mji ipo Ilonga, yenye chuo cha ualimu, chuo cha kilimo na kituo cha utafiti wa mazao. Mikumi, kwa upande wake, ni mji wa barabara na wa wanyama. Hifadhi ya Taifa iliyo jirani ilitangazwa mwaka 1964. Mjini kipo chuo cha ufundi cha VETA, ipo hospitali, na zipo nyumba za wageni zinazotegemea msafiri wa Iringa na Mbeya. Lakini nje ya miji hiyo ziko kata za milimani na mabondeni, kama Lumuma inayolima vitunguu, Vidunda iliyo juu milimani, na Malolo iliyo mbali na makao makuu ya wilaya. Yale yanayofaa kwa mtu wa stendi ya Mikumi huenda yasimfikie kabisa mwalimu wa Vidunda.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba intaneti katika wilaya kama hiyo imekwisha kuwa chombo cha kazi za umma. Mhitimu anayetafuta ajira Serikalini hutuma maombi yake kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira. Mwanafunzi anayetaka mkopo wa elimu ya juu huomba kwa mtandao wa Bodi ya Mikopo. Matokeo ya mitihani ya Taifa hutangazwa kwa mtandao. Afisa ununuzi wa halmashauri hutumia mfumo wa NeST. Tangu mwaka wa fedha 2023/24, mtumishi wa umma hupimwa utendaji wake kwa mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, naye hutakiwa kuingiza humo kazi alizopangiwa na kazi alizotekeleza. Mambo haya ni ya maendeleo, na hapana mwenye busara anayetaka kurudi katika siku za barua kupotea na majalada kufungiwa makabatini kwa hila.

Lakini ipo kasoro isiyosemwa kwa sauti. Pale ambapo shule haina kompyuta wala mtandao, mwalimu hutumia simu yake mwenyewe, na hununua kifurushi kwa mshahara wake mwenyewe, ili atimize agizo la mwajiri wake. Mganga wa zahanati hufanya hivyo, na Mtendaji wa Kata vivyo hivyo. Mtumishi wa namna hiyo hakuomba mfumo huo, wala hana hiari ya kuuacha, kwani asipoujaza, heshima yake kazini na pengine upandaji wake wa cheo utaingia shakani. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba intaneti ya bure ni jambo jipya. Imekwisha kuwapo kwa muda. Anayeipata bure ni ofisi. Anayeilipia ni mtumishi.

Gharama hiyo si ya kupuuzwa. Bei elekezi zilizotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwaka 2021 ziliruhusu kampuni kuuza megabaiti moja ndani ya kifurushi kwa kiasi kisichopungua shilingi 2.03 na kisichozidi shilingi 9.35. Kwa kima cha chini kabisa, megabaiti elfu moja ni shilingi 2,030. Kwa kima cha juu ni shilingi 9,350. Mwananchi mwenye kipato kikubwa hazioni fedha hizo. Mwalimu aliyeanza kazi juzi, mwenye chumba cha kupanga na wazazi wa kuwatunza kijijini, anaziona kila wiki. Mzazi wa Lumuma ambaye mwanawe anaomba mkopo wa chuo anaziona pia, tena pamoja na nauli ya kwenda mjini na kurudi.

Hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya kuweka intaneti ya umma isiyolipiwa na mtumiaji. Serikali inapomtaka raia au mtumishi apite katika mlango fulani, haifai kumtoza ada mlangoni, hata kama ada hiyo inachukuliwa na kampuni ya simu na haiingii Hazina. Mtu haendi bomani akalipia kiti cha kukalia.

Baada ya kusema hayo, ni haki kuwasikiliza wanaouza. Wapo wanaowabeza kwa kusema kwamba kampuni za simu ni tajiri, na kwamba kilio chao ni kilio cha mwenye shibe. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Bei elekezi ile ile ya mwaka 2021 iliweka kima cha chini pamoja na kima cha juu, na kima cha chini kina maana yake. Mwenye nguvu akiruhusiwa kuuza kwa bei isiyolipa gharama, wenzake watafungasha virago, na siku atakapobaki peke yake atapanga bei apendavyo. Sasa bei ya sifuri iko chini ya kima cho chote cha chini. Ikiwa ni kosa kwa kampuni moja kuuza kwa hasara ili kuwaua wenzake, basi Serikali nayo inayo sababu ya kufikiri kabla ya kugawa bila mipaka kitu ambacho imewapa wengine leseni ya kukiuza.

Zaidi ya hayo, Serikali yenyewe imetumia fedha nyingi kuwavuta wauzaji hao waende vijijini. Mei 2023 zilitiwa saini mjini Dodoma hati za ujenzi wa minara 758 katika kata 713, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitoa ruzuku ya shilingi bilioni 126. Ruzuku hiyo ilitolewa kwa sababu moja: katika sehemu nyingi za vijijini wateja ni wachache na vipato ni vidogo, kiasi kwamba mnara haulipi gharama zake. Mnara wa namna hiyo hutegemea wateja wachache wanaotumia sana, yaani walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mazao na vijana wa shule. Ikiwa mkono mmoja wa Serikali unatoa ruzuku ili mnara usimame, na mkono wa pili unawachukua wateja wale wale kwa huduma isiyo na mpaka, basi fedha za umma zitakuwa zimetumika mara mbili kwa kazi moja, na kazi yenyewe isifanyike.

Historia ya nchi hii ina fundisho lake katika jambo hili. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa njema: kumwokoa mkulima katika mikono ya mlanguzi. Lakini duka la zamani lilifungwa kabla duka jipya halijapata bidhaa, hesabu wala mtu wa kuliendesha. Matokeo yake mwananchi aliyekuwa akinunua chumvi kwa bei ya kunung'unikia alijikuta hana chumvi ya kununua, na agizo lile halikudumu. Wenye umri wanaikumbuka foleni. Kosa la operesheni ile halikuwa kuijali hali ya mnyonge, bali kuharibu kilichokuwapo kabla ya kujenga kitakachokaa mahali pake.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila kitu cha umma kinachotolewa bila malipo huua biashara ya mtu binafsi. Mji wa Mikumi wenyewe ni ushahidi. Barabara kuu inayopita pale ni ya umma, na mwenye basi hasimamishwi kulipia njia. Juu ya barabara hiyo isiyo na kizuizi yameota mabasi, gereji, hoteli, vituo vya mafuta, wauza matunda na waongoza watalii. Hapana aliyelalamika kwamba barabara ya bure imemnyima riziki. Kinyume chake, ikifungwa kwa siku moja mji mzima hulia. Na barabara hiyo si ya bure kwa maana ya kukosa mlipaji. Kila anayenunua lita ya petroli au dizeli huchangia Mfuko wa Barabara. Mlipaji anajulikana, fedha zina mfuko wake, na kazi zina mkaguzi wake. Mali bila daftari huisha bila habari. Barabara inalo daftari.

Kwa hiyo jambo la kuamua ni ipi katika intaneti iwe barabara ya umma na ipi iachwe kuwa basi la mtu binafsi. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ni barabara. Mlango wa huduma za Serikali ni barabara. Kitabu cha mwanafunzi na maelezo ya kinga ya ugonjwa ni barabara. Lakini mpira wa Ulaya, filamu, muziki na mazungumzo ya usiku kucha ni safari ya mtu binafsi, na nauli yake ni ya msafiri.

Yafaa pia kuwatenganisha wauzaji, kwa sababu hawaguswi kwa namna moja. Kampuni za simu haziathiriki sana na waifai ya bomani au ya sokoni. Mawimbi yake hufika umbali wa makumi machache ya mita, na mtu hawezi kuhamia sokoni na familia yake. Wengi hujifunza matumizi katika huduma ya bure, kisha hununua kifurushi cha kutumia nyumbani. Mwenye nyumba ya wageni Mikumi naye haumii, kwani mgeni wake hatatoka kitandani kwenda stendi kusoma barua pepe. Mwenye steshenari huuza zaidi ya intaneti: huuza uchapaji, nakala, picha ya pasipoti, na zaidi ya yote huuza ujuzi wa kujaza fomu. Intaneti ikiwa ya bure, fomu zitakuwa nyingi zaidi, na pengine kazi yake itaongezeka.

Anayeumia ni mmoja, naye ndiye asiyekuwa na msemaji. Ni kijana aliyekopa, akanunua mitambo, akavuta intaneti ya jumla na kuiuza rejareja kwa vocha ya saa moja au ya siku moja katika mtaa wake. Huyo huuza kitu kile kile, mahali pale pale, kwa watu wale wale. Akiamka asubuhi na kukuta huduma ya bure imefunguliwa hatua hamsini kutoka mlangoni pake, mkopo wake unabaki na mtaji wake unakwisha. Tena ndiye aliyethubutu kabla ya wengine, wakati ambapo hapakuwa na mradi wala mfadhili. Taifa linalowahimiza vijana wajiajiri haliwezi kumwadhibu kijana kwa kosa la kutangulia.

Mifano ya nje inaonyesha kwamba yapo mambo ya kufanya. Nchini India, mwezi Januari 2016, kampuni ya Google pamoja na RailTel, shirika la mawasiliano la reli, zilianza kutoa waifai ya bure katika stesheni ya Mumbai Central, na kufika mwaka 2018 stesheni 400 zilikuwa na huduma hiyo. Wengi walidhani wauzaji wa intaneti wangedhoofika. Yaliyotokea ni kinyume. Kampuni ya Jio iliingia sokoni Septemba 2016 kwa bei za chini sana, intaneti ya simu ikawa rahisi kwa mamilioni ya watu, na mwaka 2020 Google ikatangaza kwamba itajitoa kwa kuwa haja iliyokuwapo mwanzo ilikuwa imepungua. Huko huduma ya bure haikuua biashara. Ushindani wa biashara ndio uliopunguza haja ya huduma ya bure. Stesheni za Tanzania, Kilosa ikiwamo, zinaweza kuchukua fundisho hilo: bure inaweza kuwa ngazi ya kupandia, si lazima iwe nyumba ya kudumu.

Jirani wa Uganda alifikiri kwa njia nyingine. Huduma ya bure iliyoanzishwa Kampala na Entebbe mwaka 2016 na mamlaka ya teknolojia ya habari ya nchi hiyo ilipangwa kutolewa siku za kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na mwisho wa juma. Sababu yake ilikuwa ya busara ya nyumbani. Mchana uwezo wa mtandao wa Serikali hutumiwa na ofisi. Usiku hulala bila kazi ingawa umelipiwa. Wakaugawa uliolala. Mchana muuzaji aliendelea na wateja wake.

Nao mfano wa tatu uko jirani kabisa na Mikumi, katika Mkoa wa Iringa. Kuanzia mwaka 2017, mradi uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Oslo na watafiti wa Tanzania uliweka vituo vya intaneti katika vijiji vya Migoli na Izazi, upande wa Mtera. Katika vituo hivyo wanakijiji walipata bila malipo habari za maandishi na picha, yakiwamo mafundisho ya afya juu ya kifua kikuu, UKIMWI na minyoo ya tegu ya nguruwe. Anayetaka video za mtandaoni kwa matakwa yake alinunua vocha. Maandishi ni mepesi, video ni nzito. Mafundisho mengi ya afya yanaweza kusafiri kwa gharama ndogo, na anasa ikajilipia yenyewe. Kampuni za simu nazo zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kiufundi: Vodacom, katika jukwaa lake la masomo la e-Fahamu, iliwapa wateja wake masomo pasipo kuwakata salio la intaneti. Anayedai kwamba haiwezekani kufungua mlango mmoja bila kufungua nyumba nzima ana ushahidi wa kumpinga.

Pamoja na hayo, kuanzisha ni rahisi kuliko kudumisha. Mwaka 1971 ilianzishwa programu ya miaka ishirini ya maji vijijini, yenye shabaha ya kumfikishia kila mwananchi maji safi umbali usiozidi mita 400 ifikapo mwaka 1991. Maji ya bomba la kijiji yalikuwa ya bure. Mabomba yalifunguliwa kwa ngoma na vigelegele, lakini nani atanunua dizeli, na nani atabadilisha mpira wa pampu uliochakaa, hayakuwekwa wazi. Pampu nyingi zilikufa mbele ya macho ya watu waliozipenda, na Sera ya Maji ya mwaka 1991 ililazimika kuleta uchangiaji wa gharama. Kilosa yenyewe ilipata kuwa na kituo cha mawasiliano kilichojulikana kwa jina la KIRSEC, kimoja katika vituo vya namna hiyo vilivyofunguliwa nchini ili mwananchi wa vijijini apate kompyuta na mtandao. Vituo hivyo kwa jumla vilihangaishwa na mambo yale yale: umeme usiotegemeka, gharama kubwa ya kuunganishwa, na fedha za wafadhili zilizokuwa na mwisho. Kisanduku cha waifai kilichokufa ukutani hakina tofauti na pampu iliyokufa kisimani, isipokuwa kwamba hakionekani kutu.

Kutokana na hayo yote, njia ya kufuata si ngumu kuiona.

Jambo la kwanza ni kumwondolea mtumishi mzigo usio wake. Kila ofisi, shule na zahanati inayotakiwa kutumia mifumo ya Serikali haina budi kuwa na fungu la intaneti katika bajeti yake, kama ilivyo na fungu la karatasi na wino. Pale ambapo waya hauwezi kufika upesi, kama Vidunda au Malolo, kampuni za simu zilipwe na Serikali ili tovuti za Serikali zifunguke katika simu ya mtumishi na ya raia pasipo kukata salio lake. Hatua hii haimdhuru muuzaji ye yote; inambadilishia mlipaji tu.

Jambo la pili ni kuichagua mahali na mipaka ya huduma ya wazi. Boma, hospitali, vituo vya walimu, vyuo vya Ilonga na Mikumi, stesheni na stendi ni mahali panapostahili. Huduma za Serikali, masomo na afya ziwe wazi saa zote. Matumizi mengine yapewe muda mfupi kwa siku, au saa za jioni kwa mfano wa Kampala. Mwananchi aelezwe hayo kwa bango lililoandikwa kwa Kiswahili fasaha. Aelezwe pia asifanye miamala ya fedha kwa uzembe katika mtandao unaotumiwa na watu wengi, na msimamizi wa huduma akumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu naye.

Jambo la tatu, nalo ndilo litakaloamua kama muuzaji atakuwa adui au mshirika, ni kununua huduma hiyo kwake. Hapana sababu ya halmashauri kuwa kampuni ya intaneti. Itangaze zabuni kwa uwazi, igawe zabuni hiyo katika mafungu madogo, ili kijana wa Mikumi mwenye leseni na mitambo aweze kushindana kwa stendi moja bila kushindanishwa na kampuni kubwa kwa wilaya nzima. Malipo yapimwe kwa saa ambazo huduma ilifanya kazi, si kwa idadi ya visanduku vilivyotundikwa siku ya uzinduzi. Kwa njia hiyo aliyetishiwa kupoteza wateja mia wa vocha atapata mteja mmoja wa uhakika, na wateja wake wengine watabaki na haja ya kununua ziada.

Jambo la nne ni fedha. Makampuni ya mawasiliano huchangia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kutokana na mapato yao, kama msafiri anavyochangia barabara kwa kununua mafuta. Fedha hizo ni za haki kwa kazi hii. Lakini kabla kisanduku cha kwanza hakijatundikwa, hesabu ya miaka mitano ya matengenezo, umeme na malipo ya mtandao iandikwe na isomwe mbele ya Baraza la Madiwani. Mahali ambapo hesabu haitoshi, ni heri kuanza na vituo vitatu vitakavyoishi kuliko kuzindua thelathini vitakavyokufa.

Watumishi wa umma na walimu wana nafasi yao katika jambo hili. Wao ndio wanaojua ni mfumo gani unaokula kifurushi, ni shule gani haina mtandao hata juu ya kichuguu, na ni saa ngapi stendi hujaa wanafunzi wanaotafuta mahali pa kusomea. Ni wajibu wao kuyaandika hayo katika taarifa zao rasmi na kuyapeleka katika vikao vya bajeti, badala ya kuyanong'ona chumba cha walimu. Bajeti ya halmashauri hupangwa kwa maandishi, na gharama isiyoandikwa huhesabiwa kuwa haipo.

Huduma ikishafika, ni wajibu wao vile vile kuilinda. Mwalimu atakayeitumia waifai ya kituo cha walimu kuangalia filamu mchana kutwa, huku mwenzake akishindwa kufungua kitabu cha Taasisi ya Elimu, atakuwa ameifanyia huduma hiyo yale yale yaliyofanywa na aliyenywesha ng'ombe katika bomba la kijiji.

Mwananchi wa Kilosa na Mikumi haombi sadaka. Anaomba asitozwe kwa kutii Serikali yake, na anaomba muuzaji wa mtaani kwake asiuawe kwa jina lake. Mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo, mradi mlipaji ajulikane tangu mwanzo na jina lake liandikwe daftarini.